Mkono wa Karani

Alikuwako katika mji wa Padua, nchi ya Italia, tabibu mmoja aitwaye Bernardino Ramazzini, aliyezaliwa mwaka 1633 na kufariki mwaka 1714, ambaye alikuwa na ada isiyokuwa ya matabibu wenzake wa zama zile: kila alipoitwa kumtazama mgonjwa, baada ya kumwuliza maumivu yake yako wapi na yalianza lini, alimwuliza pia kazi aifanyayo. Kutokana na swali hilo moja alikusanya kitabu kizima juu ya maradhi ya wafanyakazi, kikapigwa chapa mara ya kwanza Modena mwaka 1700. Na alipokitoa tena Padua mwaka 1713, naye akiwa mzee wa miaka themanini, aliongeza mlango unaowahusu makarani na waandishi. Humo amemtaja mwandishi mmoja wa hati za sheria, mtu wa kujuana naye, ambaye kwa sababu ya kuandika asubuhi hata jioni, mkono wake wa kuume ulianza kwa uchovu usiosikia dawa, kisha ukalegea wote. Bwana yule akajizoeza kuandika kwa mkono wa kushoto, na haukupita muda mrefu nao ukapatwa na yaliyoupata mwenziwe.

Ramazzini alizitaja sababu tatu: kukaa kitako bila ya kuinuka, mwendo wa mkono usiobadilika, na akili iliyokazwa mchana kutwa ili karani asije akachafua daftari kwa makosa au kumtia bwana wake hasara. Mtu akizichukua sababu hizo tatu leo, akaingia nazo katika ofisi yoyote ya benki, ya halmashauri, ya bima au ya gazeti, hatakuwa na haja ya kubadili hata neno moja. Kwa hiyo wale waonao kwamba maumivu ya viganja, vigasha, mabega na shingo yaliletwa na kompyuta, wanaitwika mashine lawama ambayo si yake peke yake. Kompyuta imezidisha tu jambo lililokuwako tangu zama za kalamu ya unyoya.

Baina ya kalamu na kompyuta ilipita simu ya maandishi. Mwaka 1879 waya uliolazwa chini ya bahari uliunganisha Aden na Durban kwa kupitia Unguja na Msumbiji, na tangu hapo habari za pwani yetu ziliingia katika mikono ya makarani ambao kazi yao ilikuwa ni kubonyeza, kubonyeza na kubonyeza. Huko Uingereza, ambako makarani wa namna hiyo walikuwa maelfu, kukakamaa kwa mikono yao kuliingizwa mwaka 1908 katika orodha ya maradhi ya kazi yanayostahili fidia. Hata hivyo kamati ya serikali iliyoutazama ugonjwa huo, ilipotoa taarifa yake mwaka 1911, haikuacha kuwatwika wagonjwa sehemu kubwa ya lawama, kwa hoja kwamba walioupata walikuwa watu dhaifu wa mishipa ya fahamu. Hoja hiyo haijafa. Kila ofisi ina msimamizi ambaye, akimwona karani anajikanda kiganja, humwazia uvivu kabla ya kumwazia ugonjwa.

Wazee waliozitumia mashine za taipu huuliza kwa nini wao hawakulalamika kama vijana wa leo. Kwanza, walilalamika, ila hawakuwa na wa kuwasikiliza. Pili, mashine ile, pamoja na uzito wa vitufe vyake, ilikuwa na rehema iliyojificha ndani yake, maana kila mwisho wa mstari kengele ililia, na mkono ukainuka kusukuma wenzo. Kila mwisho wa ukurasa karatasi ilichomolewa, kaboni ikapangwa baina ya karatasi mbili mpya, zote zikazungushwa upya katika mashine. Na kosa likitokea, kazi ilisimama hata lifutike. Hivyo mtu hakuweza, hata kama angependa, kukaa saa tatu vidole vikifanya jambo lile lile. Kompyuta imeyaondoa mapumziko yote hayo: mstari hujikata wenyewe, ukurasa hujifungua wenyewe, kosa hufutwa kwa kidole kimoja, barua hupelekwa bila ya mtu kunyanyuka kwenda kwa tarishi. Na juu ya hayo kimeongezwa kipanya, ambacho mkono mmoja hukishika mchana kutwa kama aliyeagizwa asikiache, huku kidole cha shahada kikibofya na bega likining'inia mbele bila ya tegemeo.

Yafaa sasa tutazame yanayotukia ndani ya mkono wenyewe. Misuli inayovikunja vidole haimo katika kiganja. Aghalabu imo katika kigasha, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu zinazopita katika kifundo cha mkono. Penye kifundo hicho, upande wa ndani, mifupa midogo imejipinda ikafanya mfereji, na juu ya mfereji huo umetandazwa utando mgumu. Katika njia hiyo nyembamba hupita kano 9 pamoja na mshipa mmoja wa fahamu, ule unaokipa hisia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Mkono ukinyooka, vyote hupita kwa salama. Ukikunjwa kwenda juu au chini kwa muda mrefu, mbano ndani ya mfereji huzidi, na mshipa wa fahamu, kwa kuwa ndio laini kuliko vyote, ndio wa kwanza kuumia. Kano nazo, zikisuguana na ala zake mara maelfu kwa siku bila ya wasaa wa kutulia, huwaka na kuvimba. Ama misuli ya shingo na mabega, hiyo huumia kwa njia nyingine kabisa: haiendi popote, bali hukazwa tu kukibeba kichwa kinachokaribia uzito wa kilo 5, na msuli uliokazwa bila ya kulegezwa hupungukiwa na damu, ukachoka, ukauma.

Dalili huanza kwa unyenyekevu. Mtu huhisi joto au mchonyoto katika kigasha jioni, asubuhi umekwisha. Baada ya miezi hauishi asubuhi. Kisha huja ganzi ya vidole, na hasa ile ya usiku, inayomwamsha mtu akakung'uta mkono kitandani mpaka hisia zirudi. Baadaye kikombe cha chai humponyoka, au ufunguo humshinda kuzungusha mlangoni. Kwa watu wengi wa mwambao yote hayo huitwa baridi yabisi, na mgonjwa hupelekwa kwa mchuaji akachuliwa kwa mafuta ya nazi au ya karafuu. Sina ugomvi na kuchua. Mkono wa mchuaji aliye hodari hulegeza misuli na kumpa mtu usingizi. Lakini karani anayechuliwa Jumamosi na kurudi Jumatatu katika kiti kile kile, meza ile ile na saa zile zile, amenunua raha ya siku mbili tu.

Kwa upande wa pili, insafu yataka tuseme kwamba si kila ganzi ni ya kibodi. Ugonjwa wa ule mfereji wa kifundo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, huja mara nyingi wakati wa mimba, na huandamana na kisukari, maradhi ya tezi ya shingo na uvimbe wa viungo. Na utafiti mkubwa wa Denmark uliotangazwa mwaka 2003, uliofuatilia maelfu ya watumiaji wa kompyuta kwa mwaka mzima, haukuona kwamba kupiga kibodi ni sababu kubwa ya ugonjwa huo mmoja, bali ulikishuku zaidi kipanya kinachoshikwa kwa saa nyingi za wiki. Kwa hiyo anayepata ganzi na akalaumu ofisi bila ya kupima sukari yake, huenda akakosea njia. Lakini maumivu ya shingo, ya bega na ya kigasha kwa wanaokaa mbele ya skrini kutwa ni jambo jingine, na hilo halihitaji darubini kulionyesha.

Aliye na shaka na aende msimu wa kukabidhi tasnifu katika mojawapo ya maduka ya steshenari yaliyojipanga karibu na vyuo vya Dar es Salaam. Atamkuta binti ameketi juu ya kiti cha plastiki kilichotengenezwa kwa ajili ya barazani, mbele ya meza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuwekea bidhaa. Na kwa kuwa kiti ni kifupi na meza ni ndefu, mabega yake yamepanda yakakaribia masikio. Kibodi imesimamishwa juu ya vile vijiguu viwili vilivyo nyuma yake, ambavyo watu hudhani viliwekwa kwa faida ya mpigaji, kumbe huvilazimisha viganja kupinda kwenda juu. Mswada wa mteja umelazwa mezani upande wa kushoto, basi shingo huenda kushoto na kurudi, kushoto na kurudi, kwa kila mstari. Kipanya kiko mbali kuliani, nyuma ya rundo la karatasi zinazongoja kutiwa jalada. Akiinua mkono kupokea fedha utauona mfuo ambao ukingo wa meza umemchora chini ya kiganja. Na mteja, ambaye hulipa kwa ukurasa na tarehe yake ni kesho, amesimama nyuma yake akimhimiza.

Katika mambo yote niliyoyataja, hakuna hata moja linalohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Vijiguu vya kibodi vikunjwe, kibodi ilale chali. Kiti kipandishwe kwa mto mpaka viwiko vilingane na kibodi, navyo vikae karibu na mbavu. Na ikiwa miguu imebaki inaning'inia, iwekewe boksi imara la kuikanyaga. Mswada usimamishwe kando ya skrini badala ya kulazwa. Kipanya kisogezwe kiguse kibodi, na anayeweza kuuzoeza mkono wa kushoto kukitumia kwa kazi nyepesi nyepesi auzoeze, maana mikono miwili ikigawana kazi hakuna unaoelemewa. Hata hivyo, tukimkumbuka yule bwana wa Ramazzini, tusidhani kwamba kubadili mkono peke yake ni dawa. Skrini iwe mbali kadiri ya mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu ulingane na macho au uwe chini kidogo. Rimu moja ya karatasi za kawaida ina unene wa sentimita 5 hivi, kwa hiyo skrini iliyo chini hupata kimo chake kwa rimu mbili au tatu, ambazo hakuna ofisi isiyokuwa nazo. Na kwa anayevaa miwani yenye sehemu mbili, skrini ishushwe zaidi, ama sivyo atakaa kutwa kidevu kimeelekea dari.

Laptopu ina dhambi yake ya pekee, ambayo ni kwamba skrini na kibodi vimefungwa pamoja, na hivyo haiwezekani kuviridhisha macho na mikono kwa wakati mmoja: ukiiweka kimo cha mikono, shingo inainama, ukiiinua kimo cha macho, mikono inapaa. Anayeitumia kwa kazi ya saa nyingi na ainunulie kibodi ya pembeni na kipanya, kisha laptopu yenyewe aipandishe juu ya vitabu. Ama zile bangili ngumu za kufunga kifundo zinazouzwa madukani, faida yake iliyo bayana ni usiku, zinapouzuia mkono usikunjike usingizini. Kuzivaa mchana huku mtu anapiga kibodi, bila ya ushauri wa tabibu, huhamisha tu adha kutoka kifundo kuipeleka kiwikoni na begani. Na kile kimto kinachowekwa mbele ya kibodi ni cha kupumzikia baina ya kazi na kazi. Anayekilalia huku vidole vinacheza anaubana mfereji ule ule anaotaka kuuhifadhi.

Walakini ningekuwa nimemdanganya msomaji kama ningemwachia adhani kwamba mambo yatamalizika kwa kupanga meza. Nimeona ofisi zilizonunua viti vya mamilioni ya shilingi, vyenye kila kitu cha kupandishwa na kushushwa, na makarani wake wakaendelea kuumwa, kwa sababu kiti kizuri kilikuwa ni hoja ya kumfanya mtu asiinuke. Mwili wa binadamu haukuumbiwa mkao mmoja ulio sahihi; mkao ulio bora mno, ukishikiliwa saa nne, huwa mkao mbaya. Linaloponya ni mabadiliko.

Msuka ukili wa Pemba au wa Tumbatu hurudia mwendo mmoja wa vidole tangu utoto wake, huenda mara nyingi kuliko karani yeyote, lakini saa ni yake: akichoka huuweka ukili chini, huenda kutazama chungu, humwita jirani, hurudi. Karani hana saa yake, na wa kazi ya kuingiza takwimu ndiye maskini kuliko wote, kwani mashine huhesabu kila anachobonyeza na msimamizi huisoma hesabu hiyo jioni. Taasisi ya Marekani inayoshughulika na usalama wa kazi iliwajaribu watu wa namna hiyo, makarani 42 wa kuingiza takwimu katika ofisi za kodi, na matokeo yakatangazwa mwaka 2000: mbali ya mapumziko mawili ya dakika 15 waliyokuwa nayo, waliongezewa dakika 5 katika kila saa ambayo haikuwa na pumziko. Maumivu ya mikono na mabega, pamoja na uchovu wa macho, yalipungua. Na kazi iliyotoka, ingawa waliketi dakika 20 pungufu kila siku, haikupungua. Natamani msimamizi mwenye kuamini kwamba dakika ya mapumziko ni dakika iliyoibwa angesoma sentensi hiyo mara mbili.

Ya Australia nayo yana mafunzo. Huko, katika miaka ya 1980, malalamiko ya makarani na wapiga chapa yalizidi ghafula, yakafikia kilele katikati ya muongo ule, kisha yakashuka. Na matabibu wakagawanyika makundi mawili, hawa wakisema ni majeraha ya kweli ya kano na misuli, wale wakisema ni hofu na uvumi uliotiwa nguvu na tamaa ya fidia. Nionavyo mimi, mgawanyiko huo ni wa bure. Mtu anayefanya kazi kwa haraka asiyoitawala, huku akihofia ajira yake, hukaza mabega bila ya kujua na hupiga vitufe kwa nguvu mara mbili ya inayohitajika. Hofu yake imo ndani ya msuli, haiko mbali nao. Ramazzini alikwisha kuliweka jambo hilo katika sababu yake ya tatu, wala hakuona haja ya kuchagua baina ya akili na mkono.

Sheria nazo zimekwisha kuandikwa. Jumuiya ya Ulaya, katika agizo lake la mwaka 1990 juu ya kazi za skrini, ilimtaka mwajiri aipange kazi ya kila siku kwa namna ambayo itakatizwa mara kwa mara na mapumziko au na kazi ya aina nyingine. Kenya, kwa sheria yake ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007, imemwajibisha mwajiri kulinganisha mahali pa kazi, vyombo na kazi yenyewe na uwezo wa mfanyakazi. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliyoanzisha mfuko ambao haukuwekwa kwa ajili ya waliokatwa na mashine au kuangukiwa na matofali tu, bali pia kwa wanaopata maradhi kutokana na kazi. Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya mwaka 2010, limeyataja waziwazi maradhi ya kano, ya misuli na ya ule mfereji wa kifundo miongoni mwa maradhi ya kazi. Lakini karani anayeumwa kiganja kwetu sisi haripoti; huomba ruhusa ya siku moja kwa kisingizio cha homa, kwa kuwa homa huaminiwa.

Basi nawaomba wakubwa wa ofisi jambo moja lisilogharimu senti: wamruhusu karani ainuke kila saa bila ya kuulizwa aendako, na kazi ya kibodi ichanganywe na kazi ya miguu, kama kupeleka majalada na kuwapokea wateja, badala ya kumgawia mtu mmoja kuandika na mwingine kutembea. Na kwako wewe unayeamshwa usiku na ganzi ya vidole, nenda kwa tabibu mwezi huu, upimwe na sukari pia, nawe umwambie kazi uifanyayo na saa unazoifanya, hata kama hakukuuliza. Kwa kuwa ugonjwa ukiwahiwa, mara nyingi hutulia kwa kupumzishwa mkono na bangili ya usiku, lakini nyama iliyo chini ya kidole gumba ikishaanza kukonda, upasuaji waweza kuyaondoa maumivu, na nguvu zilizopotea huenda zisirudi zote.